Sindano namba 10

Wiki yangu ya pili hapa Leipzig niliingia duka la nyuzi nikiwa na Kijerumani cha kuombea maji tu. Nikataka sindano za kufumia, namba 10. Muuzaji akaniletea miti miwili minene kama mipini ya miko. Nilicheka peke yangu.

Kumbe tatizo ni kipimo. Nakuru tulihesabu kwa namba za zamani za Kiingereza, ambazo zikipanda sindano inakonda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Kwa Wajerumani 10 ni milimita 10, kwisha maneno.

Sindano zangu za kwanza hazikuwa na namba yoyote. Zilikuwa spoki za baiskeli. Fundi mmoja pale Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, alinikatia, nami nikazinoa ncha kwenye simiti ya mlangoni. Spoki ni nyembamba mno, milimita 2 hivi, kwa hiyo soksi nilizomfumia mdogo wangu zilisimama zenyewe bila mguu ndani. Mama alizigeuza nje ndani, akazitazama, akanirudishia.

"Fumua."

Mbele ya kazi hakuijali. Mbele, alisema, ni ya wageni. Yeye aligeuza nyuma akatafuta mafundo.

Watu huku wakisikia Kenya wanafikiria jua tu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Julai mtoto haendi shule bila sweta. Sweta nilizipenda. Vitambaa vya makochi ndivyo vilivyonitesa: kroshia nyeupe, mapambo ya nanasi, vikaushwe kwa maji ya sukari ili visilegee. Na jina la mji wetu, wanasema, lilitoka kwa Wamaasai kwa maana ya vumbi, basi fikiria kila Jumamosi nani alikuwa kwenye karai. Leo ninacho kimoja kwenye kiti changu. Ninayeishi naye aliuliza ni cha nini, nikamwambia kinazuia mafuta ya nywele yasichafue kiti. Ana upara.

Kazini ninahudumia wazee. Bibi mmoja aliniona nikifuma wakati wa mapumziko, akatikisa kichwa. Mimi uzi naushika mkono wa kulia na kuuzungusha kwenye sindano, jinsi Mama alivyofundishwa shuleni. Wao uzi hukaa kwenye kidole cha shahada cha kushoto, sindano inaudonoa tu. Akanishika kidole akakipanga. Mwezi mzima nilijifunza namna yake, na kusema kweli ni ya haraka. Lakini mkono wa kushoto ulilegeza uzi, sweta likatoka na mikono miwili ya watu tofauti. Nikarudi kwa wa kulia. Bibi hakunisemesha siku mbili.

Sasa namfumia mtoto wa dada yangu sweta la bluu. Jumapili nilimpigia Mama kwa video, nikaliinua mbele ya kamera, kifua chote na mshono wa kusuka nilioupatia kwa shida. Akavaa miwani.

"Zuri. Hebu geuza."

Nikageuza. Akasogeza simu karibu mpaka nikabaki naona jicho moja.

"Mistari minne ya juu, fumua."