Siku moja na mwakilishi wa chama cha walimu Amu

Saa 11 alfajiri. Adhana haijaisha simu ishaanza kulia. Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Amu (Lamu), na ndo mwakilishi wa KNUT, chama cha walimu Kenya, shuleni kwetu, kazi ambayo haina mshahara ila usingizi yanimalizia. Wa kwanza ni mwenzangu wa kule kisiwa cha Pate, "ticha, hii nyongeza ni ya kweli ama maneno ya Nairobi tu?" Mkataba mpya wa mshahara ulisainiwa tarehe 18 Julai 2025, wa miaka minne, shilingi bilioni 33.8, sasa mtu akisikia bilioni ashaanza kupiga hesabu ya bati na simiti, kumbe pesa zenyewe zinakuja kwa awamu na walimu tuko zaidi ya laki tatu nchi nzima.

Saa 1. Mahamri mawili, mbaazi kidogo, nashika njia. Mtaa wa Langoni nimebanwa ukutani na punda wa mchanga, wamefuatana kichochoro kizima na mwenyewe yuko nyuma huko anaongea na simu. Nimengoja, utafanya nini.

Saa 2 mpaka chai ni darasani, hapo hakuna la kusimulia, watoto ni wale wale.

Saa 4 na nusu, stafurumu. Hapa ndo kazi yenyewe. Kijana mmoja hajakaa sana kazini kanitolea pesilipu kwenye simu, skrini imepasuka, ananionyesha kwa kidole, mshahara wa msingi umepanda kweli lakini kilichofika benki akitizama haamini macho yake. Tukakaa tukashuka nayo mstari kwa mstari. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, pensheni, kodi, halafu mkopo wa sako ambao yeye mwenyewe alikuwa kausahau (hapo kacheka). Sasa hayo makato hayamo kwenye mkataba wetu, chama kinaketi na TSC, tume inayotuajiri, kuzungumza mshahara na marupurupu, kodi ni mambo ya bunge. Lakini kwenda kumwambia hivo mtu ambaye mwezi haujaisha na mfuko umeisha, wataka moyo.

Bi mkubwa wa gredi ya juu naye kanuna, kwamba wadogo wamepewa mpaka asilimia 29.5 na wakubwa 5. Nikamwambia bi mkubwa tuache asilimia tuhesabu shilingi, 5 ya laki moja ni 5,000, na 29.5 ya 20,000 ni 5,900, mwapishana mia tisa tu. Hakujibu, kamimina chai. Mimi naona asilimia ndo zinazotugombanisha bure.

Saa 7. Wenzetu wa junia, sekondari ya chini, wako upande wao, wengi ni wa chama kingine, KUPPET, tunakula pamoja lakini siasa za chama hatuzigusi chakula kikiwa mezani.

Saa 10. Kikao kidogo, maoni ya kupeleka kwa katibu wa tawi. Wote wanataka kusikia hadishipu tu, yaani marupurupu ya mazingira magumu, kila serikali ikitaja kupanga upya maeneo ya mazingira magumu hapa watu hawalali, na haki wanayo. Yule wa Pate amekuja mjini kwa shughuli zake akaingia, macho yako kwenye saa, manake maji yakipwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda boti haipiti na nauli ya kulala Amu hana. Kasimama kasema, "Andikeni mashua. Si gari, mashua," katoka mbio. Nimeandika hivo hivo alivosema.

Halafu mmoja akaleta dharau kwamba mkataba wa 2021 ulikuwa karatasi tupu. Pesa ni kweli haukuwa nazo uliposainiwa, lakini likizo ya uzazi ilitoka siku 90 ikawa 120, na ya baba 14 ikawa 21. Waulize kina mama wa stafurumu kama ni karatasi.

Magharibi nikapita barazani. Mzee mmoja mstaafu kaniita, "Ndoo mwanangu, yeo mwasemaje?" (yaani njoo, leo mwasemaje). Yeye anakumbuka mgomo wa 1997, nyongeza ya asilimia 150 mpaka 200 ikaahidiwa, ikaburutwa miaka na miaka. Waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walienda kortini wakashinda 2008, na wengi wamezikwa wakingoja hizo pesa. Ndo mana nikiambiwa "mkataba umesainiwa" mimi huuliza umelipwa lini.

Saa 4 usiku. Natayarisha orodha ya katibu. Hadishipu namba moja, nauli ya mashua namba mbili, na grupu la wasap bado linauliza awamu ya pili inaingia mwezi gani.