Kuvuka Kagera na wazee wangu

Mama hapandi meli. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu ambao wengi wao walikuwa wa kwao, alikata shauri kwamba ziwa ni la kutazama tu. Kwa hiyo mjomba alipopiga simu kutoka Missenyi, mkoani Kagera, akasema "njooni wote wawili, kuna jambo la kibanja, na mtoto mmoja aje ashuhudie", hapakuwa na mjadala kuhusu usafiri. Mtoto mmoja nikawa mimi, kitinda mimba. Tukakata tiketi za basi la alfajiri kutoka Mwanza.

Kwa wasiofahamu: mwito wa kibanja kwa Mhaya si kitu cha kusema utaenda mwakani. Kibanja ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, vyote kwa pamoja. Baba si Mhaya. Ni Muha, mtoto wa mkata miwa aliyetoka Kigoma kutafuta kibarua kwenye mashamba ya sukari ya Kagera. Mwito ule ulimkosesha usingizi, maana katika ukoo wa mama yangu neno kibanja halijawahi kutajwa mbele yake kwa heri.

Basi lilipoingia Daraja la Magufuli pale Kigongo, nusu ya abiria walitoa simu kurekodi. Ni kama kilometa tatu za zege juu ya maji. Zamani hapo tulikuwa tunasubiri kivuko huku tukila mahindi ya kuchoma. Baba hakutoa simu. Alitazama hadi tukafika upande wa Busisi, akasema, "Lile letu lilikuwa fupi, lakini ndilo lililotutenganisha na nyumbani."

"Lile letu" ni daraja la Kyaka. Wazee wangu hawana haja ya kulitaja jina.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania kupitia Mutukula, yakateremka hadi kwenye mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni yake. Siku chache baadaye wanajeshi wake wakalilipua daraja. Mkoa wenyewe wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya vita. Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja, Mama tisa, na wote wawili walikuwa upande mbaya wa maji.

Babu mzaa baba aliondoka mapema. Mtu wa kambi ya miwa hana cha kulinda: sufuria moja, blanketi mbili, panga la kazi. Walivuka daraja kwa miguu usiku, katikati ya ng'ombe, baiskeli na kina mama wenye mizigo kichwani. Baba husema kinachomkaa akilini ni kelele za ng'ombe. Bunduki alizisikia kwa mbali tu.

Upande wa Mama ilikuwa tofauti. Babu mzaa mama alikuwa na migomba, kahawa iliyokuwa juani na ng'ombe wanne. Alisema hawezi kuacha mali kwa sababu ya uvumi. Alipokubali kwamba si uvumi, daraja halikuwepo. Walivuka usiku kwa mtumbwi, wakipenya kwenye mafunjo, na mwenye mtumbwi akachukua gunia la kahawa kuwa nauli. Ugomvi ukawa baiskeli. Babu alitaka nayo ipande, mwenye mtumbwi akakataa, na wakabishana kwa kunong'ona huku watoto wamekwisha kukaa ndani. Mwishowe babu akarudi nayo shambani, akailaza chini ya mibuni na kuifunika majani makavu ya migomba. Mama husimulia kisa hiki akicheka hadi machozi, na mimi nimekisikia tangu utotoni nikidhani ni kichekesho. Ni kwenye basi hili ndipo niliuliza ilichukua muda gani hadi babu arudi mtumbwini. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Bibi yako alikuwa ameshaanza kusali sala ya wafu."

Ng'ambo, familia zile mbili zililetwa na watu wa serikali kwenye shule moja ya msingi, chumba kimoja. Madawati yalitolewa nje, kila kaya ikapewa sehemu yake ya sakafu. Hapo Baba na Mama hawabishani, na ni mahali pachache sana wasipobishana. Wiki za mwanzo watu wenye vibanja walilala upande wa dirishani na wakata miwa upande wa mlangoni. Hakuna aliyewapanga, walijipanga. Kisha mvua za vuli zikanyesha, bati za upande wa dirishani zikavuja, na kila mtu akasogea palipokavu. Kufikia Desemba kichwa cha mtoto wa mwenye shamba kilikuwa kinagusana na kichwa cha mtoto wa manamba, na bibi zetu walikuwa wanapika kwenye mafiga yale yale.

Kuhusu hotuba ya Mwalimu wanabishana hadi leo. Ilikuwa tarehe 2 Novemba, Nyerere akiwa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba aliisikia kwenye redio ya mwalimu wa shule ile, watu wazima wamejaa uwanjani. Mama naye anasema aliisikia hapo hapo shuleni.

"Ulikuwa bado ng'ambo," Baba akamwambia, tukiwa tunaingia Geita.

"Niliisikia."

"Daraja lililipuliwa baada ya hotuba, mama watoto. Na wewe ulikuja na mtumbwi kwa sababu daraja halipo. Fanya hesabu."

"Hesabu fanya wewe. Mimi nilisikia."

Nadhani Mama aliisikia miaka iliyofuata, kama sisi wote tulivyoisikia, maana inarudiwa redioni hata kwetu tuliozaliwa baadaye inaonekana kumbukumbu yetu wenyewe. Sikusema. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na safari bado ndefu.

Baada ya Muleba, basi lilipita maeneo ya Kaboya, walipozikwa wanajeshi wetu wa vita hiyo. Makaburi ni zaidi ya 600, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, watu wanawakumbuka. Babu mzaa baba aliandikishwa mgambo akaenda nao hadi Masaka. Alirudi 1979 na mguu mmoja usiokunja. Siku ya pili yake, Baba anasema, alikwenda kuuliza kama miwa imeanza kukatwa.

Miwa ilikuwa haijaanza. Kiwanda kilikuwa kimeporwa, mitambo imebebwa. Kwa babu mzaa mama ng'ombe wote wanne walikuwa wamekwenda Uganda, mabati yameezuliwa, na baiskeli ipo pale pale chini ya mibuni, ila haina magurudumu. Kampala ilianguka Aprili 11, Amin akakimbia, na huku kwetu watu wakaanza upya. Mwalimu akaomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwepo wanajua ile miezi ilizaa miaka.

Tulilala Bukoba. Ilikuwa msimu wa senene na mji wote ulijua. Usiku, vilimani, taa kali zilikuwa zinawaka mbele ya mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanatumbukia. Asubuhi sokoni wanauzwa kwa ndoo na kwa vikombe, wabichi na waliokaangwa. Mama aliingia kati yao akisahau kwamba magoti yanamuuma. Alionja kwa huyu, akaguna, akaonja kwa yule, akapatana bei kwa Kihaya cha haraka ambacho huku Mwanza hakisikiki.

Akamletea Baba fungu kwenye kipande cha gazeti. Baba akala kwanza, kisha akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Novemba ile ya vita senene waliangukia uwanja wa shule, na watoto walikwenda alfajiri kuwaokota kwenye majani yenye umande. Mama akakaanga wake kwenye kigae, akampelekea yule mvulana Muha wa upande wa mlangoni, aliyekuwa anawatazama bila kujua wanaliwaje. Bibi alipoona alimpiga kofi. Kwa desturi ya Wahaya mwanamke alimkusanyia senene mumewe, na mume akamlipa kwa nguo. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ametangaza ndoa mbele ya darasa zima.

"Sikujua," Mama akasema.

"Ulijua," Baba akasema. "Na mimi nikajua nina deni la nguo."

Sasa naelewa jambo moja. Waliporudi makwao, kambi ikawa kambi tena na kibanja kikawa kibanja. Walisoma shule moja hadi darasa la saba, lakini Mama hakuruhusiwa kupita njia ya kambini. Baba akaenda Mwanza, akapata kazi kiwanda cha nguo, zamu ya usiku, kwenye mashine za kufuma. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, dukani hakuna kitu, watu wanapanga foleni ya sukari. Kila alipopata mtu wa kumwagiza alipeleka mche wa sabuni na vitambaa vya kiwandani. Havikuandikwa jina la Mama, viliandikwa jina la bibi. Bibi akafua kwa sabuni ya manamba miaka mitano kabla posa haijaletwa.

Posa ilipofika babu aliikataa mara mbili. Hakumtukana mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mtu asiye na kibanja, mwanangu atazikwa wapi?" Mshenga hakuwa na jibu. Mara ya tatu bibi ndiye aliyejibu, na alichosema wanaume waliokuwepo hawakukirudia kwa mtu. Harusi ilifungwa 1991, na Mama akavaa kitambaa kilichofumwa zamu ya Baba. Deni likalipwa.

Kutoka Bukoba hadi Kyaka ni lami tupu, haifiki saa moja na nusu kwa gari la abiria aina ya Noah ukiwa na dereva mwenye haraka, na wote wana haraka. Kilimani pale Kyaka bado kuna magofu ya kanisa lililopigwa mabomu. Baba alitaka tupande tukaone. Mama akasema magoti. Tukashuka darajani badala yake. Kagera ni mto mpana, wa maji ya udongo, unaokwenda taratibu kama mtu mwenye uhakika wa safari yake. Malori ya mafuta yanapita kwenda Uganda, dereva hata hatazami chini. Niliwaomba wasimame nipige picha. Wakasimama, kila mmoja akinionyesha mahali tofauti alipovukia, Mama upande wa chini kwenye mafunjo, Baba chini ya nyayo zake. Picha imetoka vibaya: Mama ameinua mkono umemfunika Baba uso.

Baada ya Bunazi tulikata kushoto kwa pikipiki mbili. Mjomba alitungoja njiani, amevaa koti. Nikapiga goti kumwamkia. Akanipa buni za kutafuna, na kumpa Baba kiti kabla hajampa Mama. Hilo Mama aliliona, nami nilimwona anavyoliona.

Tulikula ndizi na maharage, ikaletwa na rubisi, pombe ya ndizi. Kisha mjomba akatuongoza hadi mwisho wa migomba, karibu na kaburi la babu na bibi. Palikuwa pamefyekwa, na mimea ya mpaka imepandwa pande nne, mibichi bado.

"Shemeji," akamwambia Baba, "marehemu mzee aliwahi kuuliza swali. Sisi tumekaa kama ukoo, tumeona tulijibu. Hapa ni pa dada yangu. Na hapa ubavuni ni pako. Mpwa wangu ameshuhudia."

Baba alipazunguka, akapima kwa hatua kama fundi. Nilitegemea atalia, nilishatoa leso. Akasimama.

"Shemeji, nashukuru sana. Lakini hapa panateremka. Mvua ikinyesha maji yote yatakuja upande wangu."

Mjomba akatazama ardhi. "Panateremka kidogo."

"Miaka thelathini na zaidi nimelala naye, huyu huvuta blanketi lote upande wake. Sasa na maji niachiwe mimi?"

"Basi mbadilishane," mjomba akasema.

"Sibadilishi," Mama akasema. "Wangu ni huu, karibu na mama yangu."

Wakabishana hadi jua likaanza kuchwa, wote watatu, kuhusu mtaro uchimbwe upande gani na nani atalipa kibarua. Mwishowe jembe nikapewa mimi.