Siku moja maishani mwangu: fundi mashine za boti Mkokotoni, Unguja

Saa 12 asubuhi nshafika pwani, bamvua hii (maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu), maji yanaanza kukupwa na kufika saa 4 boti za kisiwa cha Tumbatu zitalala upande. Wakati mzuri kwa fundi maana wenye boti hawana pa kwenda, kila mtu anakuja na lake.

Saa 1 na nusu nahodha mmoja wa dagaa kaniletea Yamaha ya nguvu za farasi 15, tustroki ya zamani (ile inayochanganyiwa oil kwenye petroli), imekamata, haizunguki. Kufungua hedi, pistoni ya juu imekwaruzika vibaya na silinda nayo imechimbika. Nikamuuliza oil anachanganya vipi, akasema anakisia kwa jicho. Sisi hapa tunaweka nusu lita kwa lita 25 za petroli, pistoni na krenki za mashine hizi hazina oil nyengine zaidi ya hiyo iliyomo kwenye mafuta, sasa ukikisia unakisia uhai wa krenki.

Saa 3. Nna 9.9 ya kampuni hiyohiyo kwenye kibanda, gia boksi imeliwa na chumvi ila blok, ile sehemu ya juu yenye pistoni, bado nzima. Watu wengi hawajui kwamba 9.9 na 15 za aina hii ni ndugu wa tumbo moja, zote sisi (cc) 246, pistoni milimita 56, stroku, yaani mwendo wa pistoni, 50. Kwa hiyo blok ya 9.9 inakaa kwenye mguu wa 15 bila ugomvi, lakini kabureta ya 15 inabaki na 15 yake! Ukiacha ile ya 9.9 mashine itawaka vizuri tu kisha boti ikijaa mzigo hainyanyuki, na hapo fundi anaitwa mwongo.

Saa 4 mpaka saa 6 ni boliti tu. Chuma ndani ya aluminiamu na miaka ya maji chumvi, unga mweupe umeziba kila pahala. Hapa hakuna nguvu, napasha moto wa gesi pembeni ya boliti, nagonga kidogo kichwani, nazungusha robo mbele robo nyuma mpaka nisikie imelia, ndo naitoa pole pole. Ikikatika ndani utatoboa na kukata uzi mpya, siku imekwisha.

Baada ya sala ya adhuhuri kijana kaja na pistoni mpya katoka nayo mjini, "fundi nifungie, ni ya 40". Nikaipima, milimita 80. Mashine yake ni ile 40 ya zamani ya sisi 592, pistoni yake 75, hii aloinunua ni ya 40X ya sisi 703. Roho iliniuma maana hela ile ni ya jasho. Nikamwambia mwanangu kabla ya kwenda dukani soma kibati kwenye mabano ya mashine, na kwenye spea tazama herufi tatu za mwanzo, 66T ni za 40X, yako utakuta 6F5 au 6F6. Japo kuna spea zina herufi za mashine nyengine na zinaingia halali kabisa, kwa sababu herufi zile zinasema spea ilianza kutengenezewa mashine gani, ndo maana kupima hakuachwi.

Saa 9 blok imekaa. Gasketi mpya, impela ya pampu ya maji mpya, oil sili mpya, hivi vitu sihamishi kutoka mashine kuukuu hata mteja aninunie. Nikaiwasha ndani ya pipa la maji, kavu siwashi kamwe, impela ni mpira inaungua mara moja. Maji yakatoka kwenye tundu ya pembeni, membamba lakini hayakatiki.

Saa 11 maji yamejaa, tukaipeleka nje na watu sita ndani, ikanyanyuka. Nahodha kanunua chupa ya kupimia oil palepale.

Jioni nafungua mabaki ya 9.9, stata ya kamba, koili, mkono wa gia, kila kimoja nakiandika modeli yake kwa rangi. Stata kuna mzee wa Tumbatu anaifuata kesho.