Swali la ndani ya handaki

Juzi binti yangu alikuwa ananichana nywele, kitana kikapita pale juu ya paji la uso ambapo nywele hazioti vizuri, akauliza mama hapa ulipigwa na nini? Nikamjibu kwa kifupi, nilijigonga Madeira. Akasema aah, akarudi kwenye simu yake. Watoto wa siku hizi ukishawapa jina la mahali wanaona habari imeisha. Sasa mimi ndio nikabaki nayo kichwani, na haitoki, kwa hiyo leo nawamwagia nyinyi.

Mzee wangu, mume wangu yaani, mnamjua. Safari ile tulikubaliana mapema kwamba hakuna kukimbizana, hakuna kuamshwa alfajiri na mwongoza watalii mwenye kibendera, tunatembea kwa miguu yetu, tukichoka tunakaa, mtu asituulize. Tukachagua Madeira, kile kisiwa cha Wareno huko kwenye Atlantiki, kwa sababu tuliambiwa kule unaweza kushinda milimani kutwa nzima bila kupanda mlima. Nikajua hapa tunadanganywa. Kumbe ni kweli, na sababu yake ni maji. Kaskazini mwa kisiwa mvua zinanyesha mpaka basi, kusini kwenye jua na mashamba maji ni ya shida, basi tangu karne ya 15 watu wakawa wanachonga mifereji kwenye miamba kuyaleta maji upande wa pili yakamwagilie miwa. Wanaiita levada, na leo ukiiunganisha yote inapita kilomita 2,000. Na kwa kuwa maji hayapandi kilima, mfereji lazima ushuke kidogo kidogo sana, na ile njia nyembamba ya pembeni waliyoacha kwa ajili ya mtu wa kuusafisha nayo inakuwa karibu tambarare. Ndiyo hiyo watalii tunatembea. Upande mmoja maji, upande wa pili genge.

Siku za mwanzo nazipitisha haraka maana hazina kesi. Tulizurura Funchal, mji mkuu wa kisiwa, tukapanda hadi Monte kule juu mlimani kwa yale magari ya kwenye waya, tukateremka kwa kikapu, ndiyo, kikapu kabisa, kinaserereka barabarani na wanaume wawili waliovaa nyeupe na kofia za majani wanakiongoza kwa nyuma, magari nayo yanapita. Mimi nilipiga makelele, yeye alikunja uso akajifanya hayupo. Halafu mzee mzima akasimama foleni kupiga picha na sanamu ya Cristiano Ronaldo, maana ni mzaliwa wa pale, hata uwanja wa ndege umepewa jina lake tangu 2017. Picha hiyo anayo mpaka leo, ya kwangu ya siku hiyo hana.

Sasa ile levada. Tulianzia Queimadas, upande wa Santana, kule kwenye nyumba zenye paa la nyasi linaloshuka mpaka chini, tukashika njia ya kwenda Caldeirão Verde, kwenye maporomoko ya maji, karibu kilomita 6 na nusu kwenda na hizo hizo kurudi. Msitu wote ni kijani, mawe ya kijani, mpaka hewa unaiona kijani. Ni ile misitu ya zamani sana ambayo kusini mwa Ulaya ilishapotea, hapa ikabaki, Unesco wakaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Lakini niwaambie kitu ambacho vitabu vya utalii havisemi: levada haikubali mtembee mmeshikana mikono. Njia yenyewe sehemu nyingine ni upana wa mtu mmoja, na waya umefungwa pembeni usije ukaenda na genge. Kwa hiyo saa nzima unaongea na mgongo wa mumeo. Nilianza kuona tabu, halafu nikagundua anaongea! Mtu ambaye mezani ukimwangalia usoni anakujibu ehe, sawa, tutaona, pale alikuwa anamwaga maneno, ya kazini, ya ndugu zake, vitu vya kabla hatujaoana, mimi kazi yangu kuitikia tu kwa nyuma.

Njia ile ina mahandaki manne na bila tochi hupiti. Tulikuwa na tochi moja ya kichwani, amevaa yeye kwa sababu ndiye aliyetangulia, mimi nilikuwa na ya simu. Handaki la kwanza tukapita tunacheka. Tulipoingia lile refu, mwanga wa nyuma ukafa. Dari limechongwa kwa mkono, halina mpango, hapa limepanda, hapa limeshuka mpaka kifuani, maji yanadondoka yanakuingia shingoni, chini madimbwi. Mfereji uko hapo hapo mguuni, maji yake meusi, na sauti yake ndani ya mwamba inakuwa kubwa kuliko nje. Nilikuwa namulika viatu vyake tu. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka inaburuzika kwenye tope, nikasema nikimwambia atasimama, nikanyamaza. Mkono wake mmoja aliurudisha nyuma, nikashika kidole kimoja tu, maana vidole vingine alikuwa anapapasa ukuta. Na kila dari likishuka anasema "inama." Natembea hatua tatu nne, "inama, mama." Tena, "inama." Nikazoea, nikawa siangalii hata juu, nasikiliza sauti yake tu.

Halafu badala ya inama nikasikia, "Hivi wewe, una furaha na mimi, au unavumilia tu?"

Nikajigonga. Sio kugonga kwa kuguswa, ni kugonga kwa kuona nyota, simu ikanitoka mkononi ikaangukia tope, kidogo tu iingie mfereji. Nikapiga yowe, yeye akageuka na ile tochi ikanimulika machoni, sasa ndio sioni kabisa, huku anasema pole, pole mama, pole jamani. Na kabla sijajishika kichwa vizuri likatokea kundi la Wajerumani kutoka mbele, tochi kibao, ikabidi tujibanze ukutani wapite mmoja mmoja wanasema asante, na damu inanitiririka kwenye nyusi.

Tukatoka. Akanifunga kitambaa, tukaendelea mpaka kwenye maporomoko, maji yanashuka kama mita 100 kwenye bwawa la kijani, kuna ndege wadogo wanakuja mpaka kwenye kiatu kuomba makombo. Tukakaa pale muda mrefu tu. Nilisubiri aulize tena. Jibu nilikuwa nalo, nililipanga wakati ananifunga kitambaa, na sio jibu baya. Hakuuliza. Nami nikaona aibu kujibu swali ambalo mwenyewe ameshalifunga. Tulivyorudi nikatangulia mimi, na huko nyuma hakusema kitu zaidi ya angalia mguu.

Nimewahi kufikiri tutafute tena njia nyembamba mahali popote nimpe lile jibu, ila sasa hivi sina hakika kama bado ni lile lile. Usiku wa juzi nikamchokoza, nikamwambia unakumbuka ulichoniuliza handakini? Akasema nakumbuka vizuri sana, sikukuuliza kitu, nilikwambia inama. Tumebishana mpaka taa imezimwa. Yeye anashikilia inama.