Ingiza Sidi

Februari ya 2010 Unguja haikuwa na umeme. Sisemi mgao, nasema haukuwepo. Ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, tukaambiwa hitilafu iko Fumba, pale waya wa baharini unaotoka Bara unapopanda nchi kavu, na haukurudi mpaka Machi. Pampu za maji zilisimama, watu wa Ng'ambo wakawa wanapanga ndoo visimani kabla ya alfajiri. Jamaa zetu wa Pemba, ambao wakati huo walikuwa bado na majenereta yao wenyewe (waya wa kutoka Tanga uliwafikia baadaye mwaka huohuo), walitupigia simu kutupa pole, na ukisikiliza vizuri unasikia wanacheka.

Ami yangu alikuwa na duka la fotokopi Mlandege. Alinunua kijenereta cha petroli, akakifunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Lita moja ilitupa kama saa mbili, kwa sharti kwamba kompyuta na printa tu ndizo zinazowaka; ukiwasha na mashine ya fotokopi, kijenereta kinakohoa na kunyamaza. Kila lita Ami aliiandika. Aliwahi kuwa karani, na karani hastaafu mkono.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha kompyuta cha miezi sita. Kwa mtaa ule nilikuwa fundi.

Ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Siku hiyo, baada ya alasiri, akaja Maalim wa madrasa moja ya jirani. Alitaka kadi za mwaliko mia na hamsini, na alizitaka usiku uleule kwa sababu Maulidi yenyewe ni kesho kutwa na kadi hazijapelekwa kwa mtu. Maneno yalikuwa kwenye flashi iliyoletwa na msafiri kutoka Maskati, ambako kijana wake alikuwa ameyapanga vizuri: juu Bismillahi, chini yake aya, kisha mwaliko kwa Kiswahili.

Nikafungua, nikachapa karatasi moja ya kujaribia, nikampa. Akavaa miwani. Akakaa kimya muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma kadi.

"Kijana," akasema, "hii umeiandika wewe?"

Nikaitazama na mimi. Herufi zote zilikuwepo, lakini hazikushikana. Be imekaa peke yake, sini peke yake, mimu peke yake, kama watu wasiojuana kwenye foleni. Na foleni yenyewe ilianzia kushoto. Ukisoma kutoka kulia, kama tulivyofundishwa chuoni tangu wadogo, ulianza na herufi ya mwisho.

"Bismillahi kinyumenyume," akasema Maalim kwa sauti ya chini, "si kadi hiyo. Hiyo sihiri."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, labda ni aina ya maandishi. Nikabadilisha moja, nikachapa. Nikabadilisha nyingine, nikachapa. Karatasi sita zikatoka, zote zimekatikakatika, na kijenereta kinanguruma barazani.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokisoma darasani. Herufi ya Kiarabu huwa na umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la kukaa pekee. Kompyuta haiweki maumbo yote hayo kwenye faili. Inaweka herufi moja tu, kisha kuna sehemu nyingine ya mfumo inayotazama majirani zake na kuchagua umbo. Mfumo wa kompyuta yetu ulikuwa wa zamani, na sehemu hiyo haikuwekwa. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya lugha, kutia alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, na kubonyeza OK.

"Dakika tano, Maalim," nikasema. Ukisikia fundi yeyote anakwambia dakika tano, tafuta pa kukaa.

Nikatia vema. Likatokea dirisha dogo la kijivu: ingiza sidi yenye lebo ya jina fulani refu, kisha bonyeza OK. Ami akazima kijenereta kuokoa mafuta, mimi nikakimbia Darajani kuazima hiyo sidi kwa kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza kompyuta. Nikarudi natoka jasho. Tukawasha, nikaitia, ikazunguka, kitaa cha kijani kikawa kinapepesa.

Ingiza sidi, kikasema kioo.

Nikabonyeza OK. Likaja dirisha la pili, kubwa kidogo, lenye maneno mengi zaidi yanayosema jambo lilelile. Nikabonyeza OK na hapo. Likarudi lile la kwanza. Ingiza sidi.

"Si imo?" akauliza Ami.

"Imo."

"Sasa mbona inaitaka?"

Nikaitoa, nikaifuta kwa shati kutoka katikati kwenda nje, nikaipulizia, nikairudisha. Ingiza sidi. Ami akavuta kiti, akayasoma maneno yale polepole kwa Kiingereza chake cha ofisini, neno kwa neno, kisha akasema kosa kaliona. Mashine inataka sidi yenye lebo, na sidi yetu haikuwa na lebo. Ilikuwa ya kunakili, juu yake pameandikwa "MPYA 2" tu. Akatoa makapeni, akalinakili lile jina refu lote kwenye mgongo wa sidi kwa hati nzuri ya kirejista, na tarehe, akaipunga hewani wino ukauke, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Mpaka leo siwezi kumcheka. Alifanya hasa kile alichoambiwa.

Ingiza sidi.

Nikaamua kubonyeza kile kingine, cha kughairi. Mashine ikanionya kwamba nikiliruka faili hili huenda mambo yasiende sawa. Nikaliruka. Ikanionya kuhusu la pili, nikaliruka nalo. Mwishowe likaja dirisha lenye alama nyekundu ya mkato: imeshindikana kuweka lugha uliyochagua, tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo wako.

"Inasemaje?" akauliza Maalim.

Nikamfasiria.

"Basi mwite."

"Nani, Maalim?"

"Huyo msimamizi."

Ami, macho yake yamo daftarini, akasema, "Ndiye huyo uliyekaa naye."

Tangu siku ile nimeona ujumbe wa makosa wa kila namna. Nimeona ule wa 0x80070005, ambao ukishahangaika kuutafuta unakuta maana yake ni kwamba umenyimwa ruhusa, basi. Nimeona mstari wa kijani ukienda mpaka karibu na mwisho kisha ukaanza kurudi kinyumenyume mbele ya macho yangu, programu inajitoa yenyewe bila kuaga. Huo wa nambari angalau hujifanya haukujui. Huu wa siku ile ulikuwa na adabu, ulisema "tafadhali", na ulikuwa unaniambia nifanye jambo ambalo tayari nimelifanya.

Kijenereta kikakohoa mara mbili, kikazima. Mafuta yamekwisha. Kioo kikawa cheusi na msikitini wakaadhini magharibi.

Tukaenda kusali. Tuliporudi Ami akawasha mshumaa, akaubandika juu ya printa. Sikuwa na la kufanya. Nilikaa nimeikabili kompyuta iliyozimwa kama mtu anayemsubiri mgonjwa azinduke. Maalim hakuwa na haraka tena, au alikuwa nayo na hakutaka kuionesha. Akaniuliza swali ambalo mimi na cheti changu hatukuwa tumeliuliza.

"Hiyo sidi, inaitafuta wapi?"

"Humo ndani, Maalim. Inapotiwa."

"Ingekuwa inaitafuta humo ingeiona. Mtoto nikimwambia lete juzuu na juzuu anayo mkononi, basi mimi sikumtazama yeye."

Nikataka kujibu, nikanyamaza. Nililikumbuka lile dirisha la pili, kubwa kidogo, ambalo nimelibonyeza OK mara sijui ngapi. Chini yake kulikuwa na kijistari cheupe chembamba, na ndani yake maandishi madogo: D:\I386. D. Na sidi katika kompyuta ile haikuwa D. Ilikuwa E. Mwaka mmoja nyuma, fundi aliyekuja kuisafisha aliigawa diski kuu sehemu mbili, ile ya pili akaipa herufi D, na kisomea sidi akakisogeza kwenye E. Mfumo wenyewe uliwekwa kabla ya hapo na hakuna aliyeuarifu. Kwa hivyo muda wote ule mashine ilikuwa ikienda D kutafuta herufi za Kiarabu, na D tulikoweka nyimbo za taarabu za kuwatilia wateja kwenye simu, pamoja na barua za watu za kuomba kazi.

Ami akaazima nusu lita kwa jirani muuza chipsi. Tukawasha. Sidi ndani, kitaa cha kijani, ingiza sidi, OK, dirisha la pili. Nikaweka mausi kwenye kijistari, nikafuta herufi moja, nikaandika E.

Majina ya mafaili yakaanza kupita mbio hata hayasomeki. Ikaomba kuzimwa na kuwashwa. Ilipowaka nikaifungua kadi, na sote watatu tukainama. Be ilikuwa upande wa kulia, imeegemea meno ya sini, sini imevuta mpaka kwenye kichwa cha mimu. Maalim akaisoma kwa sauti, yote, mpaka mwisho wa aya, halafu akarudi juu akaisoma tena.

Tulichapa kadi mbili kwa kila karatasi. Ami anakata, mimi nalisha printa, Maalim anahesabu kwa kumi kumi. Tulimaliza isha imeshapita na kijenereta bado kinakwenda, sijui kwa mafuta gani.

Akalipa, akazitia kadi kwenye mfuko wa rambo. Kisha akanyoosha mkono. Alitaka zile zilizoharibika. Jina la Mungu halitupwi pipani, akasema, hata likiwa limepinduliwa. Atazichoma mwenyewe na jivu alitie baharini.

Nikaokota chini ya meza. Tano.

"Zilikuwa sita," akasema.

Tukatafuta nyuma ya printa, ndani ya trei, chini ya mkeka. Ami hakutusaidia kutafuta. Alikuwa ameinamia daftari lake, na chini ya kiwiko chake kulikuwa na karatasi imegeuzwa: lita moja ya asubuhi, lita moja ya alasiri, nusu ya kuazima kwa muuza chipsi, jumla imepigiwa mistari miwili.

Maalim akasimama pale mlangoni na mfuko wake, akamsubiri Ami ayahamishe mahesabu yote, mstari kwa mstari, kwenye ukurasa mwingine.