Nilivyoufuatilia ukoo wa mama mkwe wangu hadi Plymouth

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Massachusetts, amekua akiambiwa kwamba wao ni uzao wa John Howland, mtumishi aliyefika Plymouth, Massachusetts, mwaka 1620 na Mayflower, meli iliyowaleta walowezi wa Kiingereza Amerika. Ushahidi hakuwa nao. Nikajitolea kuutafuta. Nilianza na walio hai nikarudi nyuma, wala sikukubali mtu awe mtoto wa fulani bila karatasi.

Mpaka sensa ya Marekani ya 1850 njia ilikuwa nyeupe, maana tangu mwaka huo kila mtu huru aliandikwa kwa jina. Sensa za kabla yake zinamtaja mkuu wa kaya tu. Mke na watoto ni tarakimu. Hapo nikakwama kwa bibi mmoja ambaye jina la kwao halikuonekana popote. Kilichomfichua ni wosia. Nilimweka kando yeye mwenyewe, nikasoma mirathi za wazee wa kaunti ile mmoja baada ya mwingine, hadi nikamkuta baba aliyemwachia fungu bintiye, mke wa fulani, na huyo fulani ni wetu. Nilipiga kigelegele peke yangu! Anayewatafuta wanawake wa zama zile aanze na wosia na hati za ardhi.

Kutoka hapo, daftari za miji za vizazi, ndoa na vifo zilinifikisha kwa Hannah Bosworth wa Swansea. Mama yake, Elizabeth Tilley, mjane wa Howland, anamtaja kwa jina hilo la ndoa katika wosia wake wa Desemba 1686. (Tarehe zinataka uangalifu: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, ndiyo maana kifo cha Howland, cha Februari, huandikwa 1672/73, yaani 1672 kwa hesabu ya zamani na 1673 kwa ya sasa.)

Lipo jambo nililomweleza mama taratibu. Kwao waliamini Elizabeth ni mjukuu wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth. Wengi waliamini hivyo, hadi mswada wa historia ya Plymouth wa William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, uliokuwa umepotea ulipopatikana London na kuchapishwa 1856. Bradford anaandika kwamba ni binti wa John Tilley, aliyefariki pamoja na mkewe muda mfupi baada ya kufika. Yatima huyo alizaa watoto 10, na wote wakakua. Kwangu hiyo ni fahari kuliko ugavana.

Mama alitafakari, kisha akauliza akina Tilley walitoka wapi. Ni Henlow, Bedfordshire, Uingereza, alikobatizwa Elizabeth mwaka 1607. Sasa nafuatilia huko.