Sehemu ipi kubwa? Siku hizi naangalia kwanza

Shuleni tulifundishwa njia moja ya kulinganisha sehemu: tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili, yaani namba za chini, badilisha sehemu zote mbili, kisha tazama kiasi, yaani namba za juu. Haina kosa, ila inachosha. Ukipewa 7/12 na 10/17, unaanza kuhangaika na 204 kabla hujajua lolote kuhusu sehemu zenyewe. Mimi nilipata nafuu nilipoacha kuikimbilia KDS.

Kama kiasi ni kilekile, sina kazi. Kati ya 3/7 na 3/8, vipande ni vitatu kote, na kitu kilichogawanywa mara saba kina vipande vikubwa kuliko kilichogawanywa mara nane. Tatizo ni jicho tu, linaiona 8 na kudhani imeshinda.

Baada ya hapo naitazama nusu, na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. 4/9 haifiki nusu, 5/8 imeivuka, basi. Zikiwa zimevuka zote, nauliza kila moja imeizidi nusu kwa ngapi: 5/8 imeizidi nusu kwa 1/8, 4/7 kwa 1/14 tu, kwa hiyo 5/8 ndiyo kubwa. Wamisri wa kale waliandika sehemu kwa mtindo wa namna hii, wakijumlisha sehemu zenye kiasi cha 1 (2/3 ilikuwa na alama yake ya pekee). 5/8 yaweza kuandikwa hivyo kama 1/2 na 1/8, na ukubwa wake unauona palepale.

Zinazokaribia moja nazipima kwa pengo lililobaki. 11/12 imepungukiwa na 1/12, 8/9 imepungukiwa na 1/9, kwa hiyo 11/12 inaongoza. Hapa pana mtego: 3/5 na 5/7 zote zimepungukiwa na vipande viwili, na mtu wa haraka atasema ziko sawa. Lakini 2/7 ni pengo dogo kuliko 2/5, hivyo 5/7 ni kubwa.

Sasa zile 7/12 na 10/17. Ya kwanza imeizidi nusu kwa 1/12, ya pili kwa 3/34. Andika 1/12 kama 3/36 na kiasi kimelingana: 3/34 ni kubwa kuliko 3/36, kwa hiyo 10/17 imeshinda, tena kwa 1/204 tu.

Kuzidisha kwa kukatisha (kiasi cha moja mara asili ya nyingine) nakuweka kwa ajili ya kuhakiki. 7 × 17 ni 119, na 10 × 12 ni 120. Ukweli ni kwamba hapo unalinganisha 119/204 na 120/204, ila ile 204 hukuiandika.

Sehemu hasi nazilinganisha kana kwamba ni chanya, kisha nageuza jibu: -4/7 ni kubwa kuliko -5/8.